Namna ya kuacha kifurushi cha televisheni na kupunguza kero ya matangazo ya biashara

Mtu anayelipia kifurushi cha televisheni kila mwezi hugundua mapema kwamba malipo yake hayajamwondolea matangazo ya biashara. Chaneli ya bure inayaonesha kwa haki yake, kwa kuwa fedha za matangazo ndizo zinazolipa watangazaji na umeme wa mitambo. Lakini mtazamaji aliyekwisha kulipa, kisha tamthilia yake ikakatizwa kila baada ya dakika chache ili aoneshwe sabuni, mikopo ya simu na michezo ya kubahatisha, huyo analipa mara mbili: mara ya kwanza kwa fedha, mara ya pili kwa muda wake. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuondokana na malipo ya kwanza na kupunguza sana ya pili.

Usianze kwa kununua kifaa. Anza kwa kuweka daftari karibu na rimoti kwa siku saba, na kila aketiye kutazama aandike jina la chaneli na muda alioutumia. Nyumbani kwangu tulikuwa na chaneli zaidi ya themanini, na daftari lilionesha kwamba tulitazama tano tu, tatu kati yake zikiwa za bure ambazo zingepatikana bila kifurushi chochote. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini bila hilo utajikuta unanunua antena ilhali watoto wanachokihitaji ni katuni za chaneli ya kulipia, au unaendelea kulipia filamu ambazo hakuna anayezitazama.

Watu wengi wa Tanzania na Kenya huamini kwamba bila malipo ya mwezi skrini haiwezi kuonesha kitu, na imani hiyo ina chanzo chake. Mitambo ya analojia, yaani ile ya urushaji wa zamani, ilianza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata mwaka 2013. Kenya ilikamilisha uhamaji wake kwenda dijitali mwaka 2015, mwaka ambao Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulikuwa umeuweka kuwa ukomo. Kwa kuwa runinga za chogo hazikuweza kupokea mawimbi mapya, kila nyumba ilikwenda dukani kununua king'amuzi, na ving'amuzi vingi vilivyokuwa dukani ni vya kampuni zinazouza vifurushi. Hivyo kifaa na malipo ya mwezi vikawa kitu kimoja katika mawazo ya wanunuzi. Ukweli ni kwamba mawimbi ya dijitali yanayorushwa kutoka minara ya ardhini hubeba pia chaneli za bure za kitaifa, kama TBC1 na ITV kwa Tanzania, au KBC na Citizen kwa Kenya.

Ili kuyapokea mawimbi hayo unahitaji kipokezi, yaani kifaa kinachoyanasa na kuyageuza kuwa picha, cha mfumo wa dijitali ya ardhini uitwao DVB-T2. Runinga nyingi za flati zilizotengenezwa katika miaka ya karibuni zinacho ndani yake, na unaweza kuthibitisha kwa kusoma kibandiko kilicho nyuma au kijitabu chake. Hapa tahadhari inahitajika kwa wanunuzi wa mitumba. Runinga iliyotumika Uingereza huwa inafaa, ila iwe ya aina iliyoandikwa T2 na si T peke yake. Iliyotoka Japani hutumia mfumo mwingine, wa ISDB-T, na aghalabu umeme wa volti 100, kwa hiyo ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya volti 230 unaweza kuiunguza kabla hujaiona picha. Iliyotoka Marekani nayo hutumia mfumo wake, ATSC. Runinga za namna hizi si za kutupwa, kwa sababu zikiwa na tundu la HDMI zinaweza kuunganishwa na kipokezi kidogo cha nje cha T2, mradi suala la umeme limeshughulikiwa.

Kabla ya kulipa, azima kipokezi cha jirani au mwombe muuzaji akubali kukipokea tena kisiposhika kitu. Yapo maeneo ambako kampuni inayobeba mawimbi huyafunga ili yafunguke kwa king'amuzi chake tu, na hapo utalazimika kutumia king'amuzi hicho hicho bila kuongeza salio na kuona ni chaneli zipi zinazobaki wazi.

Antena ndiyo inayowashinda wengi, nami nasema kwa uzoefu kwamba mafundi hupenda kuuza busta, kifaa cha kukuza mawimbi, pale ambapo dawa ilikuwa ni kupandisha mlingoti mita mbili. Mawimbi haya husafiri katika masafa ya UHF na hupenda njia iliyo wazi baina ya mnara na antena. Paa la bati huyazuia, ndiyo maana antena ndogo ya mezani inayofanya kazi vizuri ghorofa ya tatu hushindwa kabisa katika nyumba ya chini iliyozungukwa na miembe. Nunua antena ya nje yenye vijiti vingi, ifunge juu ya paa, kisha tazama antena za majirani zimeelekea wapi na vijiti vyao vimelala au vimesimama. Kwa wakazi wengi wa Nairobi, kwa mfano, uelekeo huo ni Limuru, uliko mtambo mkubwa. Vijiti vyako vikisimama wakati mawimbi yanarushwa kwa kulala, utapoteza sehemu kubwa ya nguvu hata kama umeelekeza sawasawa.

Mtu mmoja akae sebuleni akiwa amefungua ukurasa wa kipokezi unaoonesha nguvu na ubora wa mawimbi, na mwingine ageuze antena polepole, akisubiri sekunde chache kila baada ya kuisogeza kidogo. Fuata kipimo cha ubora zaidi ya kile cha nguvu. Dijitali haina chenga kama analojia. Picha huwa safi, kisha ghafla huganda, hukatika vipande na kupotea, kwa hiyo ubora ulio juu kidogo tu ya mpaka utakuangusha mvua ikinyesha. Waya uwe wa aina ya RG6, usiwe na viungio vya kusokota kwa mkono, na kwa wakazi wa pwani viungio vya nje vifungwe vizuri kwa utepe wa mpira, maana hewa ya chumvi huvila ndani ya miezi. Radi zikianza, chomoa waya wa antena.

Sasa umebaki na matangazo, na hapa kuna hila ambayo vipokezi vingi vya bei nafuu vinayo lakini wauzaji hawaielezi. Tundu la USB lililo mbele au nyuma ya kipokezi mara nyingi hurekodi kipindi kwenye flashi. Chaneli ya ubora wa kawaida inayorushwa kwa megabiti 3 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 1.35 kwa saa, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya saa ishirini. Panga kipokezi kirekodi taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kula chakula chako kwa utulivu, kisha anza kutazama saa mbili na nusu na uruke kila tangazo kwa kitufe cha kupeleka mbele. Ukikadiria vyema, utamaliza pamoja na waliokuwa wakitazama moja kwa moja. Hilo linawezekana kwa vipokezi vinavyoruhusu kuanza kutazama rekodi ambayo bado inaendelea; kwa vingine, subiri kipindi kiishe.

Kwa kipindi unachotaka kukitazama papo hapo, angalau punguza makelele. Tangazo husikika kwa kishindo zaidi kwa sababu sauti yake imebanwa ili yote iwe juu, wakati tamthilia ina minong'ono na kimya. Tafuta katika mpangilio wa sauti wa runinga kipengele kilichoandikwa AVL au Auto Volume, ukiwashe, na sauti itasawazishwa.

Intaneti ni njia nyingine, lakini fanya hesabu kwanza. Video ya ubora wa wastani hula karibu gigabaiti 0.7 kwa saa, na ya HD inaweza kufika gigabaiti 3. Saa mbili kwa siku za ubora wa wastani ni gigabaiti 42 kwa mwezi, kiasi ambacho kwa bando la simu kinaweza kuzidi bei ya kifurushi ulichokikimbia. Mwenye intaneti ya faiba nyumbani hana shida hiyo. Asiye nayo apakue vipindi mahali penye Wi-Fi, kisha avitazame kwenye runinga kwa waya wa HDMI au kwa flashi. Vituo vingi vya habari huweka taarifa zao YouTube usiku uleule, na ingawa matangazo yapo, mengi hurukika baada ya sekunde tano.

Jihadhari na anayekuuzia kisanduku kinachofungua chaneli zote za dunia kwa malipo ya mara moja. Huo ni wizi wa mawimbi, hukatika siku ya fainali, na hatari yake haiishii hapo: mwaka 2023 watafiti wa usalama walibaini visanduku vya bei rahisi vya Android vilivyotoka kiwandani vikiwa na programu hasidi ndani yake. Kisanduku cha namna hiyo hukaa kwenye mtandao uleule unaotumiwa na simu yako ya kufanyia miamala.

Mpira ndio mahali ambapo antena haikusaidii sana. Haki za kuonesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara ziliuzwa mwaka 2021 kwa Azam kwa miaka kumi, kwa shilingi bilioni 225.6, na hakuna namna halali ya kuipata ligi yote bure kwenye skrini ya nyumbani. Unachoweza kufanya ni kuacha kulipa kwa mazoea. Vifurushi vyetu hulipwa kabla na havina mkataba, na baadhi ya kampuni huuza hata cha siku au cha wiki, kwa hiyo lipa wiki ya Simba na Yanga, acha iishe, na mechi nyingine zisikilize redioni au uende kibanda umiza, yaani kibanda cha kutazamia mpira kwa kiingilio. Ndiyo sababu king'amuzi cha zamani kisiuzwe wala kutupwa: andika namba ya kadi yake mahali utakapoiona, kifunike vumbi lisiingie, na ukiwashe siku mbili kabla ya mechi, maana baadhi hudai kusasishwa kwanza baada ya kukaa muda mrefu bila kutumika.