Kusoma hatia ya manusura katika fasihi ya Hiroshima

Hatia ya manusura ni hisia ya aliyepona kwamba amekosa kwa kubaki hai wakati wengine walikufa. Kabla ya kuchambua hisia hiyo kwa mhusika yeyote, andika pembeni miaka mitatu: wa maafa, wa kisa kinaposimuliwa na wa kuchapishwa. Kwa Natsu no Hana, hadithi ya Hara Tamiki, bomu la atomiki ni 1945 na chapa ni 1947, wakati wakaguzi wa jeshi la Marekani lililoikalia Japani wangali wanapitia maandishi kabla hayajachapishwa. Kwa hiyo pengo katika maandishi ya miaka hiyo usikimbilie kuliita kiwewe; huenda ni kalamu ya mkaguzi.

Pili, fuata mikono ya mhusika kuliko kinywa chake. Katika Kuroi Ame (Mvua Nyeusi), riwaya ya Ibuse Masuji iliyoanza kuchapishwa kwa mfululizo jaridani mwaka 1965, Shigematsu ananakili shajara ya mpwa wake Yasuko ili mshenga aridhike kwamba binti ni mzima. Lakini Yasuko alinyeshewa mvua nyeusi, ile mvua yenye sumu ya mionzi iliyonyesha baada ya bomu, na shajara hiyohiyo imeandika hivyo. Kila inapotajwa kazi ya kunakili, jiulize: nani atasoma, na kipi kingefaa kuachwa? Majibu hayo yanaonyesha hatia ya Shigematsu kuliko tamko lolote.

Hatua ngumu ni ya tatu: usiridhike na hatia ya kwanza unayoonyeshwa. Tamthilia ya Inoue Hisashi, Chichi to Kuraseba (1994), inafaa sana kwa zoezi hili. Mitsue, mfanyakazi wa maktaba, anakataa kupendwa. Kwanza anamtaja rafiki aliyekufa, ambaye mama yake alimuuliza Mitsue kwa nini yeye, Mitsue, yu hai. Wengi huishia hapo, na insha zao huchechemea. Chini yake kuna jambo zito zaidi: alimwacha baba yake amebanwa chini ya nyumba inayowaka, na baba ndiye aliyemlazimisha aondoke. Weka alama mahali anapobadilisha mazungumzo, kisha urudi huko ukishamaliza kusoma.

Makosa mawili huharibu kazi. La kwanza ni kumgeuza mhusika kuwa mgonjwa wa kliniki: ukishambandika jina la ugonjwa, unaacha kutazama anachofanya. La pili ni kudhani kila msimulizi ni shahidi. Hara alikuwa Hiroshima siku ile. Ibuse hakuwako, alitegemea shajara na mahojiano.

Kwa insha fupi, chagua tukio moja lisilozidi kurasa mbili.