Mpe mtoto mmea wake mwenyewe

Wazazi wenzangu wa Moshi, mtoto wa miaka 4 au 5 usimwambie tu "njoo tumwagilie". Mpe mmea wake. Anzeni na maharage, yanachomoza ndani ya siku 6 hadi 10, kabla hajakata tamaa. Toboa matundu chini ya kopo la majarini, jaza udongo wa mgombani na samadi iliyooza, afukie mbegu mbili kwa kina cha pingili mbili za kidole chake.

Watoto wengi huua mmea kwa maji mengi, si kwa kusahau. Wangu alimwaga kikombe kizima kila akipita, mizizi ikaoza. Sasa anachomeka kidole kwanza: kikitoka na udongo ulionata, haongezi, kikitoka kikavu, anachota maji tuliyooshea mchicha. Siku mche ulipochomoza shingo imepinda, ganda bado kichwani, alichuchumaa pale mpaka uji ukapoa.

Maganda ya ndizi ayapeleke mwenyewe kwenye shina la mgomba. Vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vimelishwa hivyo tangu enzi za mababu.