Ukiitwa kwenye kazi ya silaha, andika kwanza sababu yako

Wewe uliyesoma fizikia, kemia au mambo ya droni, vita ikianza unaweza kuitwa kazini, mshahara mnono, unaambiwa ni ulinzi wa nchi. Kabla hujakubali chukua karatasi, andika sentensi moja tu: naingia kwa sababu gani. Chini yake andika "hii ikiisha natoka", weka na tarehe. Mi naona hapo ndo pagumu kuliko pote.

Mcheki Joseph Rotblat, Mpolandi, 1944 alienda Los Alamos kule Marekani, kwenye mradi wa siri wa kutengeneza bomu la atomiki kwa sababu moja tu, aliogopa Hitler asije akalipata kwanza. Mwenyewe alisimulia kwamba Machi mwaka huo, mezani wakila chakula cha usiku, alimsikia jenerali Groves bosi wa mradi akisema shabaha hasa ni kuwadhibiti Wasovieti, yaani hao hao waliokuwa wanakufa kwa maelfu wakipigana na Hitler! Mwisho wa mwaka ikajulikana Wajerumani washaachana na bomu. Sababu imekufa. Desemba akaondoka. Wenzake wengi waliingia na hofu ile ile, lakini Ujerumani ikasalimu amri Mei 1945 na wao wakabaki kazini, maana kitu kikishafika karibu kukamilika kila mtu anataka akione kinawaka, na sababu inajibadilisha kichwani we mwenyewe hujui. Agosti bomu likapigwa Hiroshima na Nagasaki, miji ya Japani.

Afu uliza malighafi inatoka wapi. Urani, yale madini ya kutengenezea bomu, nyingi ya mradi ule ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ilichimbwa na Wakongo chini ya Wabelgiji, ndugu zetu wa Kiswahili hiki hiki, na nani aliwauliza? Inaniuma kila nikiwaza.

Ukitaka kupinga usipinge peke yako, na usichelewe. Mwanafizikia mmoja wa mradi ule ule, jina lake Leo Szilard, alikusanya saini 70 za wanasayansi Julai 1945 kumwomba rais wa Marekani, Truman, asikurupuke kulipiga Japani, barua ikapitia ngazi za jeshi kwa Groves, ikakaliwa, bomu likapigwa Truman hajaiona. Kwa hiyo anza mapema kitu kikiwa bado michoro, na ujue barua itapita mikononi mwa nani.

Kutoka nako kujiandalie. Weka akiba, na uwe na kazi nyingine ya kukimbilia. Rotblat alishukiwa ujasusi, akaambiwa asiwaeleze wenzake sababu ya kweli, aseme tu ana wasiwasi na mke wake aliyebaki Poland. Baadaye alihamishia ujuzi wake wa mionzi hospitali, St Bartholomew's pale London, na 1995 akapata Nobeli ya amani pamoja na Pugwash, mikutano ya wanasayansi aliyosaidia kuianzisha 1957.

Ila siku ile anaondoka Marekani alikuwa na sanduku la karatasi zake, barua na utafiti, likapakiwa treni kutoka Washington, kufika New York halipo, na hakuliona tena. Kwa hiyo ile karatasi yako usiichanganye na makaratasi ya ofisi, iache nyumbani kwa mtu unayemwamini.