Kabla ya kumchukua paka mwoga mwenye kisukari

Usiku wa kwanza Shada alilala nyuma ya friji. Samaki niliyemwekea jioni nilimkuta asubuhi amejaa sisimizi. Paka mwingine ungemwacha tu, njaa itamtoa. Shada alikuwa na miaka 9 na kisukari, na paka asiyekula huwezi kumchoma insulini, dawa ya kushusha sukari, kama kawaida; sukari ikishuka sana anaweza kufa. Ndiyo maana mtu akiniuliza ajiandae vipi, siongelei dawa kwanza. Naongelea mahali paka atakapojificha.

Atajificha tu, kwa hiyo mchagulie wewe. Tafuta chumba kidogo chenye mlango unaofungwa, ziba uvungu wa kitanda kwa masanduku, ziba nyuma ya kabati. Kisha muwekee boksi la kartoni lililolazwa, ndani khanga kuukuu, na juu pafunguke ili mkono wako umfikie bila kumburuta. Chakula na maji viwe hatua mbili kutoka hapo, mchanga wa choo uwe upande wa pili. Weka mchanga mwingi, maana paka wa kisukari hunywa na kukojoa kupita kiasi. Wageni na watoto wa jirani wasubiri.

Kwa anayekupa paka, omba vitu vitatu: kitambaa alichokilalia, kisifuliwe, chakula kilekile alichozoea, na nafasi ya kumchoma wewe mwenyewe, yeye akiwa pembeni anaangalia. Chakula usikibadilishe kwa haraka hata kama unajua kizuri zaidi, kwa sababu kipimo cha dawa kilipangwa kwa chakula hicho. Mabadiliko yapite kwa daktari wa mifugo. Jirani akileta ugali na dagaa kwa roho safi, pokea, shukuru, kula wewe. Wanga mwingi humpandishia sukari.

Muulize daktari mapema: akila nusu nifanyeje? Akigoma kabisa? Nikichelewa? Majibu yaandike, yabandike mlangoni mwa friji, kwa sababu siku ya tukio kichwa hakifanyi kazi. Dozi iliyokupita usiifidie kwa kuchoma mara mbili. Paka akiyumba, akitetemeka au akilegea, mpake asali kidogo kwenye ufizi, kisha mkimbize kwa daktari. Na asipokula siku mbili tatu mfululizo, ini linaweza kujaa mafuta, akawa na ugonjwa wa pili.

Sindano zinahitaji jicho kali. Insulini nyingi za binadamu zina yuniti 100 kwa mililita, baadhi ya zile za wanyama zina 40, na kila moja ina bomba lake la sindano. Ukivuta dawa ya 100 kwa bomba la 40, umempa mara mbili na nusu ya kipimo. Soma chupa, soma bomba, hata kama muuza dawa anakuambia zote ni sawa. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, ikiganda, itupe. Umeme ukikatika muda mrefu, chupa ya chai yenye vipande vya barafu inasaidia, ila dawa uizungushie kitambaa isigusane na barafu.

Halafu kuna saa. Sindano ni mbili kwa siku, zikipishana saa 12. Nilipanga saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, nikasahau kuwa saa 1 usiku mimi huwa bado niko kwenye foleni Mwenge. Daktari alikubali tukahamia saa 2 na saa 2.

La mwisho wengi hulikumbuka simu ya msiba ikishaingia: ukisafiri mkoani siku nne, nani atamchoma? Paka mwoga hashikwi na mtu asiyemjua, hata mtu huyo awe muuguzi. Msaidizi aanze wiki ileile ya kwanza. Binti wa jirani yangu alianza kwa kuleta sahani tu. Alikaa sakafuni akichezea simu, bila kumtazama Shada machoni. Siku ya 11 Shada alikula huku mgongo wake umeegemea goti la yule binti, nami nikampa sindano aishike.