Kuchagua na kurekebisha kizibao cha reflekta cha bei nafuu

Kabla ya kununua kizibao cha reflekta cha bei nafuu, kipime gizani kwa kuwasha tochi uliyoishika karibu na jicho lako, kwa sababu utepe mzuri hurudisha mwanga kule ulikotoka na utauona uking'aa hata ukiwa hatua nyingi mbali, ilhali utepe hafifu hubaki na rangi ya kijivu tu. Rangi ya kitambaa, iwe njano-kijani au chungwa inayowaka, hukusaidia mchana na jioni. Usiku kazi hiyo hufanywa na utepe peke yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 20471, kinachohusu mavazi ya kuonekana kwa urahisi, kinadai utepe wenye upana usiopungua milimita 50, na ni kipimo kizuri cha kulinganishia hata kizibao kisicho na lebo yoyote.

Ukitaka kuongeza mfuko wa simu au kuandika jina, fanya hivyo kwenye sehemu ndogo ya kitambaa na usiguse utepe kabisa, maana kila unachofunika kinapunguza kuonekana kwako. Kama unafanya kazi karibu na mashine zinazozunguka, ondoa kamba za kufungia na ushone velkro ubavuni, ili kizibao kikinaswa kiachie badala ya kukuvuta. Binafsi naona hili ndilo rekebisho muhimu kuliko yote. Kifue kwa maji ya vuguvugu bila dawa ya kung'arisha nguo, ukianike kivulini, na ukibadilishe mara rangi inapopauka.