Kurekebisha regyuleta mbili za Autococker bila kubahatisha

Bunduki ya peintiboli ikianza kupiga risasi moja juu na nyingine chini, wengi hukimbilia kukaza springi ya nyundo, kipande kinachogonga vali ya hewa ifunguke. Kwenye Autococker mimi huanza na presha. Bunduki hii ina regyuleta mbili, yaani vifaa vya kupunguza presha ya hewa, na kazi zake hazifanani. Ile kubwa hulisha vali inayosukuma risasi. Ile ndogo ya mbele, chini ya mtutu, huendesha pistoni inayovuta boliti nyuma na kukoki bunduki. Kasi ya risasi haiihusu. Ukizichanganya utazungusha skrubu mpaka jioni.

Tayarisha vifunguo vya L vya pembe sita, vya vipimo vya inchi (vya milimita vitakula vichwa vya skrubu), geji kwenye regyuleta kubwa, kipima kasi ya risasi, na risasi za inchi .68 zisizo na uvimbe. Vaa barakoa ya peintiboli. Miwani ya jua haihesabiki.

Hatua ya 1: Mtungi

Mtungi wa hewa uliojazwa hadi psi 4,500 (psi ni kipimo cha presha) hauingizi presha hiyo yote kwenye bunduki. Una regyuleta yake mdomoni, inayoishusha hadi kama psi 800, na mingine hadi 450. Chora mstari wa rangi ya kucha uanzie kwenye vali ya mdomo wa mtungi na kuishia kwenye mtungi wenyewe. Siku unafungua mtungi ukaona mstari umeachana, simama hapo hapo: vali ndiyo inayofunguka, na ikichomoka mtungi utaruka kama kombora. Usitie oili kwenye tundu la kujazia, maana mafuta yakikutana na hewa ya presha kubwa yanaweza kuwaka.

Hatua ya 2: Anza chini

Legeza regyuleta kubwa mpaka geji isome karibu psi 200. Upande wa kupandisha na wa kushusha hutegemea aliyeitengeneza, kwa hiyo fuata geji, usifuate mazoea ya mkono. Kila ukizungusha kidogo, piga mara tatu au nne bila risasi ndipo usome. Ukishusha presha bila kupiga, hewa ya mwanzo bado imo ndani na sindano haitasogea. Utadhani regyuleta imekwama.

Hatua ya 3: Tafuta kilele

Kazi yenyewe iko hapa. Weka springi ya nyundo katikati, tia risasi, piga tano mbele ya kipima kasi, andika wastani. Pandisha presha kwa psi 25 hivi, piga tano nyingine, andika. Endelea hivyo. Mwanzoni kasi itapanda vizuri, kisha itapanda kwa kusuasua, halafu, presha ikiwa bado inaongezeka, itaanza kushuka.

Wasioijua tabia hii ndipo wanapopotea. Presha iliyo nyuma ya vali huisukuma ibaki imefungwa, na nyundo huigonga ifunguke. Presha ikizidi, nyundo inashindwa kuifungua vya kutosha, hewa inayopita inapungua, risasi inatoka dhaifu. Mtu anaona udhaifu, anaongeza presha, bunduki inazidi kulegea, naye anaongeza tena.

Rudi chini kidogo ya kilele na ubaki hapo. Karibu na kilele, presha ikiyumba kidogo kasi haiyumbi sana, na ndiyo maana risasi zinaanza kufuatana. Namba kubwa kwenye kipima kasi isikutamanishe. Risasi tano zinazokaribiana ni bora kuliko moja iliyopaa.

Viwanja vingi hutaka futi 280 kwa sekunde, na 300, yaani karibu mita 91, ndiyo ukomo uliozoeleka. Ikiwa kilele chako kiko juu ya hapo, usishushe presha. Legeza springi ya nyundo, kisha tafuta kilele upya, kwa sababu nacho kitakuwa kimehamia presha ya chini zaidi.

Hatua ya 4: Regyuleta ndogo

Hii haina maneno mengi. Ilegeze mpaka bunduki ishindwe kujikoki, irudishe juu robo mzunguko, kisha piga harakaharaka. Ikishindwa kujikoki hata mara moja, ongeza kidogo tena. Ukizidisha, boliti itafunga kwa nguvu na kuipasua risasi ambayo haijaingia sawasawa, na utashinda ukisafisha rangi ndani ya bunduki.

Hatua ya 5: Iache itulie

Acha bunduki na hewa yake kwa dakika kumi, soksi ya kuzuia risasi ikiwa mtutuni, huku ukitazama geji. Sindano ikizidi kupanda polepole, kiti cha regyuleta kubwa (sehemu inayoziba hewa) kina uchafu au kimelika, na risasi ya kwanza baada ya mapumziko haitalingana na zinazofuata. Toa mtungi, piga mpaka geji isome sifuri, ndipo ufungue. Futa kiti, badilisha oringi (pete za mpira za kuzuia hewa kuvuja) zilizochoka, paka grisi ya silikoni kwa uchache.

Ikiwa risasi ya kwanza ni nzuri ila kasi inaanguka ukipiga mfululizo, regyuleta haijazwi upesi inavyotakiwa. Kabla hujaifungua, soma geji ya mtungi. Presha ya mtungi ikishuka karibu na ile uliyoweka kwenye regyuleta kubwa, hakuna skrubu itakayokusaidia, kajaze hewa.