Somo: Namna ya kujua kama hewa itapanda au itatulia juu ya Goma

Naandika haya ili siku nyingine nitume somo tu, nisianze upya. Swali linalorudi kila wiki ni hili: "Kama hewa ya moto inapanda, mbona juu ya Nyiragongo, volkano yetu, kuna baridi kali?" Ndugu yake ni hili: mbona moshi wa mlima siku moja unasimama wima na siku nyingine unalala ubavuni? Yote mawili yana jibu moja, na unaweza kulihesabu mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Andika joto la hewa ya chini. Mfano wetu: Goma, mchana, nyuzi 26, kimo cha mita 1,500.

Hatua ya 2. Andika nyuzi za umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake unaanza kuwa matone. Mfano: 16.

Hatua ya 3. Chukua fungu moja la hewa, ulipandishe kwa mawazo. Huko juu mgandamizo ni mdogo, kwa hiyo fungu linatanuka. Likitanuka linasukuma hewa iliyolizunguka, na nguvu ya kusukuma linaitoa katika joto lake lenyewe. Halijamgawia mtu joto wala halijapozwa na mlima. Limepoa kwa kutanuka tu. Hewa ambayo bado haijashika ukungu inapoteza nyuzi 9.8 kwa kila mita 1,000, iwe Goma au Matadi. Kutoka mjini hadi kilele cha Nyiragongo, mita 3,470, hewa kavu ingepoteza nyuzi 19 na zaidi. Swali la baridi limejibiwa hapo.

Hatua ya 4. Tafuta kimo cha wingu: toa umande kwenye joto, zidisha kwa 125. Kwetu ni 10 mara 125, sawa na mita 1,250 juu ya mji, yaani kimo cha mita 2,750. Kilele kiko juu ya hapo, ndiyo maana siku kama hiyo mlima unajificha. Kuanzia hapo mvuke unageuka matone na kurudisha joto uliloficha, hivyo fungu linapoa polepole zaidi: kwa joto na kimo chetu, kama nyuzi 5 kwa mita 1,000.

Hatua ya 5. Linganisha fungu na jirani yake WA KIMO KILEKILE. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Mtu anahesabu vizuri, anapata fungu lina nyuzi 14 huko juu, kisha analilinganisha na nyuzi 26 za barabarani na kusema "limepoa, litashuka". Hapana! Barabara haimo tena katika hesabu. Sheria ya Archimedes inasema kitu kinasukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa kile kilichoondolewa mahali pake. Bidoni tupu ukilizamisha katika ziwa letu la Kivu linasukumwa na maji yaliyo pembeni yake, na maji ya Bukavu, mwisho wa pili wa ziwa, hayahusiki. Hewa nayo ni hivyo: kwa kimo kilekile, yenye joto zaidi ndiyo nyepesi. Fungu lenye nyuzi 2 tu litapanda likizungukwa na hewa ya nyuzi 1, na fungu la nyuzi 30 litashuka likizungukwa na nyuzi 31.

Turudi kwenye mfano. Kwa mita 2,750 fungu letu lina nyuzi 13.8. Tuseme hewa iliyolizunguka ina 14.5. Fungu ni zito, likiachwa linarudi chini. Lakini tuseme upepo wa ziwani umelisukuma dhidi ya ubavu wa mlima, likapanda kwa nguvu hadi kimo cha kilele. Sasa lina nyuzi 10.2, na hewa ya huko, tuseme, 9. Limekuwa jepesi kuliko jirani yake, na kuanzia hapo halihitaji mlima tena. Tofauti ya nyuzi 1.2 inaonekana ndogo, lakini inaongeza kasi sentimita 4 hivi kwa sekunde, kila sekunde. Kama hakuna kinacholizuia, baada ya dakika moja linapanda zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Hivyo ndivyo mvua kubwa za alasiri zinavyozaliwa milimani wakati juu ya ziwa bado ni kweupe.

Maonyo mawili. Usitumie 9.8 ukiwa ndani ya wingu. Na usitumie 6.5 kwa fungu lako: hiyo ni wastani wa dunia wa jinsi hewa iliyotulia inavyopungua joto kadiri unavyopanda, si jinsi fungu linavyopoa.

Hatua ya 6. Soma matokeo. Fungu likiwa na joto kuliko jirani, hewa imevurugika na moshi utasimama. Likiwa na baridi kuliko jirani, hewa imetulia na moshi utalala. Asubuhi baada ya usiku usio na mawingu, ardhi imepoa na hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu yake. Huo ndio utulivu mkubwa kuliko wote, na ndiyo maana moshi wa mbabula, yaani majiko ya makala, unatanda juu ya mabati ya mtaa wa Majengo hadi jua lipande.

MASWALI

Ndosho Juu: Mwalimu, kwa kifupi hewa inapanda kwa sababu ni ya moto, si ndiyo?

— Hatua ya 5.

Ndosho Juu: Nimesoma. Nimehesabu kwa 6.5 fungu na hewa ya nje, tofauti inabaki ileile hadi juu. Hesabu yako haifanyi kazi.

— Umetumia kipimo kimoja kwa vitu viwili, tofauti itabadilika vipi? Onyo la pili liko pale. Rudia na 9.8 kisha ulete namba zako, nitazitazama.

Mwanafunzi wa Katindo: Shikamoo mwalimu. Hewa ya nje huko juu tunaipataje bila kupanda mlima?

— Marahaba. Tovuti nyingi za utabiri zinatoa joto la hewa kwa ngazi za mgandamizo. Tafuta hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) 850, 700 na 500. Goma iko karibu na 850. Ngazi ya 700 kwetu ni kama mita 3,150, yaani chini kidogo ya kilele. Ngazi ya 500 ni karibu mita 5,850. Ukiwa na namba hizo tatu unaweza kufanya hatua zote ukiwa nyumbani.

Mwanafunzi wa Katindo: Asante sana. Na mazuku? Ile gesi inatoka ardhini kwenye volkano, mbona haipandi kama moshi wa mlima?

— Swali zuri sana, na huku kwetu ni la uhai. Mazuku ni kaboni dioksidi. Molekuli yake ina uzito wa 44, wakati wastani wa hewa ni 29, kwa hiyo kwa joto lilelile inazidi hewa uzito mara moja na nusu. Ili iwe nyepesi kuliko hewa ya nyuzi 20 ingebidi iwe na nyuzi zaidi ya 170. Lakini inatoka ardhini ikiwa imepoa, basi inatiririka na kujaa mabondeni, hasa njia ya Sake. Usiku na alfajiri, upepo ukilala, hakuna cha kuichanganya na ndiyo saa mbaya zaidi. Ukiona ndege au mbuzi wamekufa shimoni, usiiname kuwaokota, na uwazuie watoto. Moshi wa kilele unatoka na moto mkali, na sehemu yake kubwa ni mvuke wa maji wenye uzito wa 18 tu.

Mama wa Majengo: Basi na gesi ya makala pia inakaa chini? Sisi tunalala kitandani juu, watoto wanalala kwenye mkeka.

— Mama, hapana, na nakuomba unisikilize vizuri. Gesi inayoua ya makala ni monoksidi ya kaboni. Uzito wake ni 28, karibu sawa na hewa. Haishuki wala haipandi kwa uzito wake. Inaenea chumba kizima. Kitanda hakikuokoi. Haina harufu. Mbabula ilale nje, hata kama mvua inanyesha na makala yanaonekana yamebaki majivu.

Mama wa Majengo: Asante, papa. Leo inatoka.

Mvuvi Kituku: Sisi tunaovua sambaza tunajua usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka. Ni sheria hiyo hiyo?

— Ndiyo hasa. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda na ya ziwani inakuja kujaza pengo. Usiku nchi inapoa haraka na mambo yanageuka.

Mvuvi Kituku: Na ndani ya ziwa? Wanasema chini kuna gesi. Gesi si nyepesi?

— Ingekuwa mapovu ingepanda. Lakini imeyeyuka ndani ya maji kwa mgandamizo wa mamia ya mita. Maji ya chini kabisa ya Kivu yana joto kuliko ya katikati, na kwa joto peke yake yangepanda. Yanazuiwa na chumvi pamoja na kaboni dioksidi iliyoyeyuka, ambazo zinayafanya mazito. Ziwa Nyos la Kamerun mwaka 1986 maji yake ya chini yaliinuka, gesi ikatoka ghafla, ikashuka mabondeni kwa uzito ule ule wa 44 na kuua watu wapatao 1,700. Kivu ni kubwa na limetulia zaidi, na tabaka zake hupimwa.

Ndosho Juu: Nimerudia na 9.8. Kwa mita 3,470 fungu lina nyuzi 6.7, nje 9. Kwa hiyo linashuka.

— Umefika kileleni bila kubadilisha kipimo kwenye wingu. Hadi 2,750 uko sawa. Kuanzia hapo weka 5, utapata 10.2.